Programu ya Mafaili Iliyonigharimu Harusi ya Watu

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Wete, ambaye ndiyo kwanza amefungua duka la kusafisha picha na kutoa fotokopi, aliniandikia: "Assalaam alaykum kaka. Nimeweka Linux kwenye kompyuta yangu ya zamani. Nitumie programu gani ya kupangia mafaili?" Ningeweza kumjibu kwa neno moja, lakini neno hilo nimelinunua ghali, na sipendi mtu alichukue bila ya kujua bei yake.

Mimi ni mpiga picha za harusi hapa Chake Chake. Nilihamia Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta unaowekwa badala ya Windows, kwa sababu flashi za wateja zilikuwa zikiniletea virusi vya Windows kila uchao, na nilipokwisha kuisakinisha sikuhangaika kuchagua chochote. Nilitumia programu ya mafaili niliyoikuta humo, yenye dirisha moja safi la kupendeza, na kwa miezi kadhaa nilijiona fundi.

Kisha ikaja harusi ambayo babu ndiye aliyekuwa walii, kwa kuwa baba wa biharusi alikwisha kufariki. Picha nilizitoa kwenye kadi ya kamera nikaziweka katika folda niliyoiita Asili, na kadi nikaisafisha kwa ajili ya harusi ya Jumapili. Usiku nikaikokota kwa kipanya folda ndogo ya picha za msikitini kutoka Asili kwenda folda nyingine niliyoiita Kazi, nikiamini kuwa ninanakili. Kumbe katika programu ile folda ikikokotwa ndani ya diski ile ile huhama, na hunakiliwa pale tu inapokwenda diski nyingine. Jumatatu diski ilipojaa, nikaichagua folda iliyokuwamo Kazi na kubonyeza Shift pamoja na Delete, ambayo hufuta moja kwa moja bila ya kupitia pipa la taka, kwa kuwa moyoni nilijua Asili ipo. Nilipoifungua Asili nikakuta picha za ukumbini tu. Programu ya kufufua mafaili ilinirejeshea picha kumi na moja, na ile ya babu akishikana mkono na bwana harusi ilirudi nusu. Nusu ya chini, penye mikono yenyewe, ni kijivu kitupu.

Mzee yule sasa ni marehemu. Familia ile haikunidai fedha, ila ilinitangaza mji mzima, na hadi leo nikipita barazani kwao salamu huitikiwa kwa shingo upande. Mfunguo Mosi uliopita nilikabidhi harusi sita bila ya kupoteza hata picha moja, na nimeliandika hili makusudi ili wasome wale waliosema kuwa kamera nimeivamia.

Wenzangu, msichague programu ya mafaili kwa uzuri wa sura yake. Chagueni ile inayokuonyesha faili linatoka wapi na linakwenda wapi kwa wakati mmoja, kwani lau ningekuwa na vidirisha viwili, ningeiona folda ikitoweka upande wa kushoto. Mimi sasa ninatumia Dolphin, ya KDE, mojawapo ya sura za madirisha na menyu zinazowekwa juu ya Linux: ukibonyeza F3 dirisha hugawika pande mbili, na kwa mpangilio wake wa kawaida, ukiachia faili ulilolikokota, hukuuliza kwanza kama unataka kuhamisha au kunakili. Swali hilo moja lingeniokoa. Nemo, inayokuja na Linux Mint, aina mojawapo ya Linux, nayo hugawika kwa F3. Wasioogopa skrini nyeusi ya kuandikia amri wanayo Midnight Commander, ambayo F5 yake ni kunakili na F6 ni kuhamisha, na huwezi kuvichanganya isipokuwa kidole kiwe na usingizi. Narudia: pande mbili. Na kama programu yako haiulizi, kamata Ctrl unapokokota ili inakili.

Kijana wa Wete kompyuta yake ina kumbukumbu ya kufanyia kazi (RAM) ya GB 4 tu, kwa hiyo nilimshauri achukue Thunar, ambayo ni nyepesi na ina kifaa cha kubadilisha majina ya picha nyingi kwa mkupuo, ila nikamtahadharisha kuwa kugawa dirisha kulianza katika toleo la 4.18. Alinijibu kuwa lake ni la zamani zaidi. Ijumaa baada ya sala atapanda daladala aje na kompyuta yake, na nimemwambia kadi ya kamera asiisafishe mpaka afike.