Naogopa kuendesha, nichukue gari gani ndogo?

SWALI: Habari za kazi kaka. Nawasoma siku nyingi ila leo ndio naandika. Leseni ninayo mwaka wa tatu sasa lakini siendeshi, naogopa. Mara ya mwisho nilikuwa narivasi gari ya mume wangu, ile kubwa ya juu, nikasikia kishindo nikajua nimegonga mtu, kumbe nguzo ya geti. Taa ya nyuma ikavunjika, na tangu siku ile nikishika stelingi mikono inalowa jasho. Sasa nimejichanga nimepata hela ya gari yangu mwenyewe, sio nyingi, inatosha gari ndogo iliyotumika. Shemeji anasema gari ndogo ni jeneza, wifi anasema nichukue manyuali ndio nitajua kuendesha kweli, na rafiki yangu anasema chukua yoyote ilimradi ya mwaka wa karibuni. Mimi nataka tu isiyonisumbua. Nisaidie.

JIBU: Pole sana dada yangu, kwanza kwa ile nguzo, maana kishindo cha nyuma usichokiona kinaingia mwilini na hakitoki haraka. Ila ngoja nikwambie kitu, hiyo sentensi yako ya mwisho ndio yenye akili kuliko ushauri wote uliopewa. Gari isiyokusumbua. Hofu ya dereva inalishwa na mshtuko, gari ikizima katikati ya njia panda unashtuka, breki ikivuta upande unashtuka, ukisikia mlio usioujua unashtuka, na kila mshtuko unakurudisha nyuma wiki nzima. Kwahiyo kwako wewe uimara wa gari sio suala la kuokoa hela ya fundi tu, ndio dawa yenyewe.

Nianze na wifi. Manyuali ni nzuri na mimi naipenda, lakini anayeogopa ana kichwa kimoja na macho mawili, sasa umpe klachi, gia, mlima, na watu wanapiga honi nyuma, akili ya kuangalia barabara ataitoa wapi? Chukua otomatiki bila aibu yoyote. Kuna jambo moja tu la kulishika tangu siku ya kwanza: mguu wa kulia peke yake ndio unafanya kazi, wa kushoto unapumzika kabisa pale pembeni, maana anayetumia miguu miwili siku akiogopa anakanyaga vyote. Na usiendeshe na ndala.

Shemeji naye ana ukweli kidogo, sitakudanganya. Gari nzito ikigongana na nyepesi, nyepesi ndio inaumia zaidi, hiyo ni fizikia na hata zile nyota za majaribio ya Euro NCAP, shirika la Ulaya linalopima usalama wa gari kwa kuzigonga, zinalinganishwa kati ya gari za uzito unaokaribiana tu, nyota tano za kigari kidogo sio sawa na nyota tano za gari kubwa. Lakini wewe ajali uliyopata ni ya kutoona gari yako inaishia wapi, na gari kubwa inaongeza hilo tatizo. Gari ndogo za aina hii zina urefu wa kati ya mita 3.5 na 4 hivi, nyingi zinageuka kwenye upana usiofika mita 10, yani pale ambapo wengine wanarudi nyuma mara tatu wewe unakata mara moja unaondoka. Kinachotakiwa ni kuchagua ndogo yenye vitu vya kukulinda: mifuko ya hewa, ABS inayozuia tairi zisigande ukikanyaga breki kwa nguvu, na ule mfumo wa kuzuia gari isiserereke, unaoitwa ESC, wengine wanauita VSC. Ulaya waliulazimisha kwa gari zote mpya kufikia mwishoni mwa 2014, Marekani kuanzia gari za mwaka 2012, kwahiyo kwa gari za kabla ya hapo usidhani tu upo, angalia mwenyewe.

Unaangaliaje? Washa swichi bila kupiga stata. Dashibodi inajaa taa: ya ABS, ya mfuko wa hewa, kale ka gari kenye mistari ya kuteleza nyuma yake ambako ndio ESC, na cheki injini. Zote ziwake, alafu ukishawasha injini zizime. Ikibaki inawaka kuna tatizo, hilo kila mtu analijua. Wanalosahau wengi ni taa ambayo haiwaki KABISA toka mwanzo, hapo mara nyingi kuna mtu kaing'oa au kaiziba ili usione. Taa ya mfuko wa hewa isipowaka toka mwanzo, mimi naaga naondoka.

Na hapo hapo kwenye mifuko ya hewa, hili ni zito nisikilize. Mifuko iliyotengenezwa na Takata ya Japani ilikuwa na kasoro, joto na unyevu wa miaka vinaharibu kemikali ya ndani na siku ukigonga inaweza kulipuka na kurusha vipande vya chuma usoni. Magari mamilioni duniani yaliitwa yarudishwe kubadilishiwa, na kampuni ikafilisika 2017. Vigari vingi vya Kijapani vya miaka ya kabla haijafilisika vimo humo. Chukua namba ya chesesi uiingize kwenye tovuti ya mtengenezaji au uwapelekee mawakala wake, wakuambie kama ilishabadilishwa, hata kama muuzaji anakuhakikishia.

Sasa majina, maana najua ndio unayoyasubiri. Toyota Vitz, iliyotoka 1999, nje ya Japani inaitwa Yaris. Honda Fit ya kuanzia 2001, kwingine ni Jazz. Mazda Demio ndio Mazda2, Nissan March ndio Micra, Toyota Passo ni pacha wa Daihatsu Boon. Kuna Suzuki Swift, kuna Hyundai i10 na Kia Picanto. Zenye majina mawili nimekuwekea yote makusudi, siku ukitafuta spea usiambiwe haipo kumbe ipo kwa jina lingine.

Mimi ningekuanzishia Vitz au Fit, spea zake na mafundi wake wapo wengi duniani. Ila kaa ndani kwanza. Vitz za mwanzo mpaka 2010 hivi mita ya spidi iko katikati ya dashibodi, haiko mbele yako, wengine wanaizoea siku mbili, wengine inawakera mpaka wanaiuza. Kuanzia ile iliyofuata ikarudi nyuma ya stelingi. Fit ina nafasi ya ajabu kwa sababu tangi la mafuta wameliweka chini ya siti za mbele, lakini ukikaa pua yake huioni, inashuka. Halafu zile zenye injini ndogo ya cc 1000 na silinda tatu, Passo kwa mfano, zikisimama kwenye foleni zinatetemeka kidogo. Ni kawaida yake, nakwambia mapema usije ukadhani inakufa.

Pandisha siti mpaka uone boneti kama inawezekana, nyoosha mkono, kifundo cha mkono kiguse juu ya stelingi bila mgongo kuachana na siti. Geuza kichwa uangalie nyuma. Ile nguzo ya dirisha la mbele inakuficha mtu anayevuka? Kama inakuficha ukiwa umepaki, barabarani itakuficha zaidi. Iache, hata kama rangi umeipenda.

Rafiki yako wa "mwaka wa karibuni" ndio ningebishana naye zaidi. Gari ya miaka kumi na mbili iliyomwagwa oili kwa wakati inaishinda ya miaka sita iliyoteswa. Ukienda kuiona mwambie muuzaji asiiwashe, na ukifika weka kiganja kwenye boneti, ikiwa ya moto kuna kitu hakutaka ukisikie, maana injini ya baridi ndio inasema ukweli, inawaka kwa shida, inatoa moshi, inagonga. Kwenye tairi kuna namba nne mwisho wa maandishi ya DOT, ukikuta 2319 maana yake tairi ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Ukiijaribu tafuta sehemu iliyonyooka na salama ukanyage breki kwa nguvu, isivute upande. Nyingi ya hizi zina giaboksi ya CVT, yani otomatiki isiyo na gia za kuhesabu, mlio wa injini unapanda bila kusikia gia ikibadilika, hiyo sawa, lakini ikitetemeka unapoondoka toka kusimama, achana nayo. Na oili yake ni ya CVT peke yake, fundi akikuwekea ile ya otomatiki ya kawaida anakuua giaboksi.

Baada ya hapo ipeleke kwa fundi uliyemtafuta wewe, asiwe wa muuzaji. Na hela usiimalize yote kwenye kununua! Bakiza ya oili, filta, betri, tairi, na mafuta ya breki ambayo yananyonya unyevu na mimi nayabadilisha kila miaka miwili.

Ukishaipata, kabla ya barabara kubwa fanya hivi. Uwanja mtupu, weka boksi la kadibodi nyuma, rivasi taratibu mpaka uhisi umeligusa, simama, shuka ukaangalie. Mdogo wangu alikuwa na hofu kama yako, mara ya kwanza alishuka akakuta bado zaidi ya mita nzima, akasimama pale anaangalia boksi, anaangalia gari. Alirudia asubuhi nzima mpaka ikabaki kiganja. Kamera ya nyuma inasaidia na uichukue ikiwepo, ila boksi ndio lilimfundisha. Hapo hapo uwanjani jaribu breki ya ghafla ili ABS ifanye kazi, pedali itakupiga piga mguuni kama kitu kinavunjika. Endelea kukanyaga, usiachie. Bora ushtuke pale kuliko siku mtoto amekatiza mbele yako.

SWALI: Kaka na mimi ni mwoga wa gari, nimependa Toyota Aqua kwa ajili ya mafuta lakini watu wananitisha na betri ya haibridi, ule mfumo wa petroli na umeme pamoja. Vipi?

JIBU: Aqua ilianza kuuzwa mwishoni mwa 2011, nje inaitwa Prius c, ni gari nzuri kwa mwoga kwa sababu inaondoka taratibu bila kuruka. Kitakachokuchanganya ni ukimya: unabonyeza, husikii kitu, unabonyeza tena kumbe umezima. Angalia neno READY kwenye dashibodi, likiwepo gari imewaka hata kama haitoi sauti, na ukiliona usiguse gia kabla mguu haujawa kwenye breki. Betri kubwa ipime kwa mashine kabla ya kulipa, sio kwa maneno. Iko chini ya siti ya nyuma na inapoozwa na hewa ya ndani ya gari, kuna tundu dogo lenye wavu pembeni ya siti hiyo. Chungulia pale. Likiwa limejaa vumbi na nywele, betri imekuwa ikipika muda mrefu, na ukishainunua usiruhusu mtu aweke begi au koti mbele yake.