Jibu kwa mama wa mtoto wa miezi minne: usimtilie uji kwenye chupa

Weka chini hiyo chupa, dada yangu. Salamu nitatoa baadaye.

Umeandika kwamba mtoto anatimiza miezi minne wiki ijayo, likizo imeisha, Jumatatu unarudi kazini. Anatafuna ngumi, anaamka mara tatu usiku, na mkila anawatazama kama mtu anayewadai. Mama mkwe amesema aanzishwe uji mwepesi kwenye chupa ili ashibe alale. Unauliza uanze na unga gani, mara ngapi kwa siku, chumvi kiasi gani, yai lini, matunda kwanza au mboga, na blenda ipi nzuri. Maswali mazuri. Lakini mimi nimesoma hadi "mwepesi kwenye chupa" nikakwama hapo hapo.

Mimi ni baba, fundi wa stima, naishi mtaa wa Umoja, Nairobi. Najua kuna watakaoniuliza baba anajua nini kuhusu uji. Najua bei yake.

Mwaka 2018 binti yetu wa kwanza alikuwa na miezi mitatu na wiki tatu. Mke wangu alikuwa amerudi kazini viwandani, mtoto akabaki na msichana wa kazi. Usiku tulikuwa hatulali, na asubuhi mimi napanda ngazi nashika nyaya za watu nikisinzia. Nikaenda duka la dawa kuuliza dawa ya kumtuliza. Kijana aliyevaa koti jeupe, ambaye mpaka leo sijui kama alisomea dawa au alisomea kuuza, akaniuliza mtoto ana kilo ngapi. Nikasema sita. Akacheka: "Mtoto mkubwa hivyo maziwa ya mama yatamtosha wapi? Mpe uji." Akaniuzia chupa palepale, na dawa ya gesi juu yake.

Kutoka hapo nikapita kwenye kinu cha unga. Mama wa kinu naye akanipimia kilo mbili za mchanganyiko wake: wimbi, mtama, mahindi, soya, njugu, terere, omena, ndizi mbichi iliyokaushwa, na vingine nimesahau. Vitu kumi na viwili! Alivitaja kama mtu anayesoma orodha ya mawaziri. Nikaona kweli mwanangu ataibuka profesa.

Sasa sikiliza. Uji ulikataa kupita kwenye chupa. Nikaongeza maji, ukakataa. Nikaongeza tena, ukawa unatoka tone moja moja na mtoto anakasirika. Basi fundi akafanya ya fundi. Nilibana sindano ya kushonea kwa koleo, nikaishika juu ya moto wa gesi mpaka ikawa nyekundu, nikaipitisha kwenye tundu la chuchu. Jiko zima likanuka mpira. Nikasuuza, nikajaribu kwa maji, ukatoka mchirizi mzuri kabisa. Nikajipongeza, naapa.

Usiku ule alilala masaa sita mfululizo. Kesho yake nikawa mshauri wa uzazi wa mtaa mzima. Nilimwambia hata jirani ambaye hana mtoto.

Kitu ambacho hakuna aliyeniambia ni hesabu ya tumbo. Tumbo la mtoto hubeba takriban mililita 30 kwa kila kilo ya uzito wake. Wangu mwenye kilo sita alikuwa na nafasi ya mililita 180, kikombe kidogo cha chai. Mimi nilikuwa nalijaza maji yenye rangi ya wimbi, nafasi ya maziwa haibaki. Na titi halina siri: linatengeneza kadiri linavyonyonywa. Mtoto akawa hadai titi usiku, mke wangu akafurahi, akalala, na maziwa yakaanza kupungua bila sisi kujua.

Wiki hiyo maji ya bomba ya kanjo yalikuwa yamekatika, tunanunua ya mitungi kwa mkokoteni. Chupa tunasuuza kwa maji hayo. Uji unapikwa saa kumi na mbili asubuhi, unakaa kwenye thamosi, mtoto anapewa mpaka jioni. Kwa kijidudu kilichofika humo, thamosi ile ilikuwa hoteli yenye chakula na joto.

Siku ya kumi na mbili akaanza kuhara. Kila mtu akasema ni meno. Ndugu zangu, meno! Jirani, msichana wa kazi, shangazi kwenye simu kutoka nyumbani, wote meno. Nilipoteza siku tatu nikisubiri jino. Siku ya nne nilirudi kazini nikakuta utosi umebonyea, macho yameingia ndani, analia hakuna machozi, na nepi aliyovaa tangu asubuhi ni kavu. Tukapanda bodaboda usiku huo, mtoto katikati yetu amefungwa kwa leso, barabara ya Outer Ring nzima sijasema neno.

Hospitali muuguzi akauliza, "Anakula nini?" Nikajibu haraka, "Maziwa ya mama tu." Mke wangu akanitazama. Muuguzi akafungua mfuko wetu kutafuta nepi akatoa chupa, chini yake kuna mabaki ya uji yaliyoganda. Akaigeuza juu ya taa, akaiminya chuchu. "Hii tundu nani ameitoboa?" Miaka yote ya kazi sijawahi kukana kazi yangu, siku hiyo niliikana.

Walitafuta mshipa mkononi, wakatafuta mguuni, wakakosa. Wakamnyoa kiraka juu ya sikio wakaweka dripu hapo. Kama hujawahi kumshika mwanao kichwa akinyolewa ili adungwe sindano, usitamani. Tulilala siku nne. Bili shilingi 41,300. Niliuza ngazi yangu ya alumini, na fundi wa stima bila ngazi ni mtu tu mwenye bisibisi.

Na hilo silo lililoniuma zaidi. Tulirudi nyumbani maziwa yamepungua kiasi kwamba hayamtoshi kweli sasa. Ule uongo wa duka la dawa nikaufanya kuwa ukweli kwa mikono yangu. Tukaingia maziwa ya kopo, la gramu 400 linaisha kabla ya wiki. Mstari wa uzito kwenye kijitabu cha kliniki ulilala kama reli miezi miwili. Mpaka leo nikikishika kijitabu kile naruka huo ukurasa.

Kijana wa koti jeupe nilimfuata baadaye nikamweleza. Akaniambia labda chupa haikuchemshwa vizuri, kisha akataka kuniuzia kifaa cha kuchemshia. Nilitoka kabla sijafanya jambo la kunipeleka polisi. Mama wa kinu nina swali moja tu kwake: hizo njugu na hayo mahindi yalikauka wapi? Mwaka 2004 kule Ukambani zaidi ya watu 100 walikufa kwa mahindi yenye sumukuvu, na kuvu haionekani ikishasagwa. Vitu kumi na viwili pamoja, mtoto akivimba mdomo utajuaje ni kipi kati yao?

Mama mkwe wako usigombane naye. Wangu pia ananiambia, "Sisi tuliwapa uji mwezi wa pili na mko hai." Namheshimu sana, lakini tulio hai ndio tuliobaki kusimulia.

Ninayemlaumu hasa ni aliyepiga hesabu ya likizo. Hapa Kenya Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mama miezi mitatu. Kliniki inamwambia anyonyeshe tu, bila hata maji, miezi sita. Hiyo mitatu inayobaki anajaziwa na nani, mimi na sindano yangu? Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri atenge chumba cha kunyonyeshea. Uliza chumba chenu kiko wapi hiyo Jumatatu unaporudi. Mke wangu alikuwa akikamua maziwa stoo, amekaa juu ya katoni za sabuni.

Basi kanuni yangu ni hii, na nimeitumia kwa mtoto wa pili bila kulala hospitali hata usiku mmoja: chukua kijiko cha uji, kiinamishe. Ukimwagika kama chai, hicho si chakula cha mtoto, rudisha jikoni. Ukibaki umekaa kwenye kijiko, ukidondoka ni kwa uvivu, hicho ni chakula. Na kama mtoto hawezi kupokea uji mzito namna hiyo, usiupunguze umfuate. Subiri yeye aufikie.

Ndiyo maana kijiko kinajibu pia swali lako la lini. Mtoto wa miezi minne ukimwekea kitu kizito mdomoni, ulimi unakisukuma nje. Hajakataa mapishi yako, ameumbwa hivyo kwanza, asipaliwe. Ndiyo sababu watu hukimbilia chupa: inapita pale ambapo ulimi umefunga mlango. Binti yetu wa pili nilimpa kijiko cha kwanza wiki ile aliyopelekwa kliniki kwa vitamini A ya miezi sita. Shingo imara, anakaa kwenye paja langu akiegemea kidogo tu, ananyang'anya kijiko anakipeleka mdomoni mwenyewe. Akafunga midomo, akameza, akanitazama kama ninayemchelewesha. Hakuna aliyehitaji sindano.

Kutafuna ngumi? Mtoto wa miezi minne anatafuna ngumi, leso, na kidevu chako ukimpa. Kuamka usiku? Wa pili aliamka hadi ana mwaka, na alikuwa anakula vizuri. Kuwatazama mkila? Wangu alikuwa pia anatazama nikichomeka soketi, sikumpa tester. Ila kama kweli uzito haupandi kwenye kijitabu, nenda kliniki wakamwangalie na wakuangalie anavyonyonya, usiende dukani.

Kwa Jumatatu: anza kukamua leo, usingoje Jumapili usiku. Maziwa yaliyokamuliwa yanakaa nje yakiwa salama kama masaa manne, na kwenye friji hadi siku nne, nyuma kabisa, si mlangoni. Andika saa kwenye kila chombo. Msichana wa kazi ampe kwa kikombe kidogo. Mtoto wa umri huo anajua kulamba kutoka kikombeni, utashangaa, na kikombe kinaoshwa mpaka ndani kwa kidole na sabuni. Chupa ina kona. Ukirudi jioni mnyonyeshe kabla hujavua hata viatu, na usiku usimnyime, maana huko ndiko unakolinda maziwa yako.

Akifika miezi sita, umeuliza unga. Unga wowote wa kitu kimoja ulionunua nafaka yake ukaichagua na kuisaga mwenyewe, mimi nilitumia wimbi. Lakini usikae kwenye uji tu kama kwamba nchi haina kitu kingine. Akiba ya madini ya chuma aliyozaliwa nayo huwa inaanza kuisha karibu wakati huo, na uji mtupu hauirudishi. Mimi nachemsha maini ya kuku, nayakwaruza kwa uma mpaka yanakuwa kama matope, nachanganya na kiazi kitamu na maziwa ya mama. Vijiko viwili vitatu vya mezani, mara mbili hadi tatu kwa siku, unaongeza taratibu mpaka karibu na miezi minane awe anamaliza nusu kikombe cha robo lita. Mnyonyeshe bado, hadi miaka miwili na zaidi. Pika kidogo, apewe, kikibaki kula wewe. Thamosi ibaki ya chai.

Yai unaweza kumpa papo hapo kwenye miezi sita, lililoiva kabisa, usisikilize wanaosema hatazungumza. Asali hapana mpaka mwaka mmoja upite, hata tone la kikohozi. Chumvi hapana, na sukari pia.

Kama umeshanunua unga wa mchanganyiko, na unajua nafaka zake zilikauka vizuri, pikia watu wazima, weka maziwa na ndimu.

Chuchu yangu ile bado ninayo. Iko kwenye sanduku la vifaa, natilia mafuta kwenye bawaba za milango ya wateja. Tundu lake linafaa sana kwa mafuta.