Muulize Anko: Mbona jinzi karibu zote ni bluu?

SWALI: Shikamoo Anko. Mimi ni fundi cherehani hapa Ngamiani, Tanga, kazi yangu kubwa siku hizi ni kupunguza jinzi za mtumba, belo likifunguliwa tu watu wanachagua halafu wananiletea nikate urefu nibane mapaja. Nina mawili. Kwanza mbona kwenye rundo zima bluu ndo zimejaa, nyeusi chache, kahawia mpaka uokoteze? Pili nikikata naona nyuzi nyeupe, mteja akiziona anakuja juu eti hii feki, rangi wamepaka juu juu. Nimjibu nini?

JIBU: Marahaba fundi. Tuanze na huyo mteja, maana kasema kweli bila kujua, rangi ipo juu juu tu, na jinzi ya ukweli ndo inavyotakiwa iwe.

Chukua kipande ulichokata ukifumue. Nyuzi za mtande, zile za kwenda na urefu, ni bluu, za mshindio zinazokatiza ni nyeupe, hazijaguswa na rangi kabisa. Kinafumwa kwa mshazari kiasi kwamba bluu nyingi inatokea nje na nyeupe inabaki ndani, ndo maana ukikunja pindo unaona weupe. Sasa ule uzi wa bluu ukate kwa wembe uangalie katikati. Mweupe tena! Ni kama visheti, sukari imeganda nje, ukiuma ndani unga mtupu.

Hiyo ni tabia ya nili, ile rangi ya bluu ya jinzi. Zamani ilikuwa inatoka kwenye majani ya mnili, yanalowekwa mpaka yachachuke. Nili yenyewe haiyeyuki kwenye maji, kwa hiyo wenye viwanda wanaitia dawa ya kuifanya iyeyuke na hapo inageuka rangi ya njano-kijani, nyuzi zinachovywa, zikitolewa kwenye hewa ndo zinageuka bluu mbele ya macho yako, zinachovywa tena, zinapigwa hewa tena, mara kadhaa, kila duru bluu inakolea. Ila haizami mpaka kwenye kiini cha uzi, inakaa pembeni. Rangi nyingine nyingi za asili zilikuwa zinataka maji ya moto na dawa ya kuzishikisha kwenye pamba, nili haikuwa na masharti hayo, na ilikuwa ikipatikana kwa wingi.

Na huku pwani hatukuwa wageni nayo. Ile kaniki ya bibi zetu ilikuwa nguo ya pamba iliyochovywa nili, ilikuwa inaletwa kutoka India, na misafara ya Bagamoyo kwenda bara ilikuwa inaibeba pamoja na merikani, kile kitambaa cha pamba cha Marekani, kama pesa. Kabla ya rangi ya kiwandani hiyo nili India ilikuwa na machozi yake, Waingereza waliwabana wakulima wa Bengal walime mnili badala ya chakula mpaka mwaka 1859 wakagoma. Adolf von Baeyer, Mjerumani, akafanikiwa kuitengeneza maabara 1880, na 1897 kampuni ya BASF ikaanza kuiuza, wakati huo Wajerumani wenzao wako hapa hapa Tanga na reli yao ya Usambara waliyoianza 1893. Nyingi ya nili iliyo kwenye hayo mabelo yako ni ya kiwandani.

Haya, nani alipanga jinzi iwe bluu? Hakuna aliyekaa kikao. Jacob Davis alikuwa fundi kama wewe, huko Reno, Nevada, wateja wake watu wa kazi ngumu, mifuko inachanika kila siku, akaanza kuipiga ribiti za shaba, vile vijipini vya kubana, kwenye kona. Suruali hizo zikauzika kweli kweli. Akamwandikia Levi Strauss, mfanyabiashara wa San Francisco aliyekuwa anamuuzia vitambaa, wakashirikiana kukata hati ya uvumbuzi, wakaipata tarehe 20 Mei 1873. Mwanzoni walishona pia za turubai ya kahawia, lakini turubai ni ngumu kuvaa, ya bluu ilikuwa inalainika kila ikifuliwa, na bluu iliyokolea inaficha uchafu. Kahawia ikafa taratibu, hapo ndo jibu la rundo lako. Nyeusi mara nyingi si nili, ni rangi nyingine iitwayo ya salfa, ni mambo ya baadaye.

Kinachonichekesha mimi ni kwamba kuchuja, ambako kwenye nguo nyingine yoyote ungerudisha dukani kwa fujo, kwenye jinzi ndo urembo. Magotini inapauka, mapajani inapauka, nyuma ya mfuko panabaki alama ya pochi, kila mtu anachora yake kwa maisha yake. Sasa hivi viwanda vinazipausha makusudi kwa mawe na dawa kabla hazijavaliwa, halafu hiyo iliyochakaa inauzwa bei juu kuliko nzima!

Kwa mteja wako: usikate pindo la zamani ukatupa, maana lile limeshapauka na huwezi kulipata tena. Likate, punguza urefu, halafu lirudishe pale pale ufiche mshono. Kazi ni mara mbili, na bei iwe hivyo hivyo.

SWALI: Anko, kijana wangu kaloweka jinzi mpya beseni moja na kanzu nyeupe ya baba yake ya Ijumaa. Kanzu sasa ya bluu. Chumvi na siki vitasaidia? Mama wa Chumbageni.

JIBU: Pole mama. Chumvi na siki haviishikishi nili, usipoteze. Ile bluu ya ziada imeng'ang'ania juu tu ya uzi, ndo imehamia kwenye kanzu. Ifue sasa hivi kabla haijakauka, usiipige pasi kwanza. Ikigoma, na kanzu ni pamba tupu, jiki kidogo kwenye maji mengi inaiua nili, ila usiilaze humo na suuza sana. Kama ina hariri au darizi za rangi, jiki usiisogeze. Jinzi mpya ifuliwe peke yake, imegeuzwa ndani nje, kwa maji baridi. Na kijana aifue yeye.