Kabla hujakubali kununua hita mpya, mwambie fundi akuoneshe tone linatoka wapi

Jumamosi iliyopita nimeokoa hita ya maji ya lita 80 ambayo fundi alishaizika. Naandika nikiwa na kiburi kidogo mnivumilie, maana siku hiyohiyo nilikuwa napokea wageni wanaoshuka Kilimanjaro kwa njia ya Mweka, na nyie mnaofanya biashara ya malazi hapa Moshi mnajua, mtu aliyelala kwenye hema siku sita akapanda mpaka mita 5,895 akafika kwako hana habari na wifi wala na maua yako, anataka maji ya moto, akiyakosa hata umchinjie mbuzi ataenda kuandika mtandaoni kwamba kwako hapafai.

Fundi mwenyewe kijana tu, nilielekezwa na jirani. Kaingia chumba namba nne, kaangalia juu, kaona maji yanadondoka kwenye kile kifuniko cha plastiki cha chini ya hita, hata ngazi hakupanda, kanigeukia: "Mama, tanki limetoboka hilo. Nunua jipya, hili la zamani ntakusaidia kuliondoa."

Hapo kwenye "ntakusaidia kuliondoa" ndo damu ikanichemka, na ili mnielewe inabidi nirudi nyuma.

Nilipoanza gesti yangu kule Rau nilitaka vyumba vya self vya kueleweka, kila chumba na hita yake, na najua wewe unayesoma hapa ndoto yako ni hiyohiyo, vyumba vyako mwenyewe, wageni wa mlima, jenereta, bustani, mwisho wa mwezi humwombi mtu. Nilikuwa na fundi wangu. Simtaji. Aliniita mama na mimi nikamuona mwanangu kabisa, akija kazini anakula kwanza, mkewe alipojifungua nilienda na mkungu wa ndizi na nyama ya mtori nikampikia mwenyewe. Sasa kila hita ikivuja yeye jibu lake moja, imetoboka. Nanunua mpya, anafunga, ile ya zamani anaipakia kwenye bodaboda anaondoka nayo, "nakuondolea uchafu mama", na mimi namshukuru!

Siku moja niko saluni Majengo naoshwa nywele, dada wa watu ananimwagia maji ya moto mazuri, nainua macho ukutani naiona hita yangu. Yangu kabisa, ina mfuto wa rangi ya kijani ubavuni, brashi iliigusa siku tunapaka madirisha. Nikauliza kwa upole mmeitoa wapi hii, akanitajia fundi wangu jina na ukoo, akasema aliwauzia kwa bei nzuri, eti ilikuwa na shida ya mpira wa ndani tu akabadilisha. Haivuji hata tone. Nilikaa pale na mapovu kichwani nikakosa hata la kusema.

Sikumshtaki popote. Tukikutana Mbuyuni ananiamkia shikamoo mama, naitikia marahaba, napita. Hela iliniuma ila ule mtori unaniuma mpaka leo.

Ndo nikaapa sitabebwa tena. Habari za jinsi nilivyojifunza siwachoshi, nilikaa na fundi mzee mmoja wa Pasua mvumilivu sana, nikawa naomba kila hita inayofunguliwa niitwe nione ndani. Na alichonifundisha kikubwa ni hiki tu: anayesema hita inavuja hajasema kitu bado, mpaka aseme inavujia wapi.

Basi turudi chumba namba nne. Kwanza nilizima umeme, kwenye swichi ya hita na kwenye breka pia. Hili nitalirudia mpaka mnichoke: zima umeme kwanza. Hita inayovuja ni maji na umeme vimekaa sehemu moja, watu wanafia bafuni kwa ajili ya uvivu wa kutembea mpaka kwenye breka. Halafu nikafuta hita yote kwa taulo kavu, mabomba, nati, kila mahali pakauke kabisa, nikafunga tishu kila penye kiungio, bomba la baridi lenye alama ya bluu, la moto lenye nyekundu, kwenye sefti valvu, kile kivalvu kidogo chenye mkono kinachotoa maji presha ikizidi, kisha nikamwambia kijana afungue kile kifuniko cha chini tukazungushia tishu kwenye ile flanji, yaani sahani ya chuma yenye boliti inayoshika koili ya kupashia maji. Nikaenda zangu kukunja mashuka.

Narudi, tishu za mabomba zote kavu. Ya flanji imelowa upande mmoja, na pale penye boliti kuna ukoko mweupe umeganda, maana yake maji yametoka hapo kidogo kidogo yakawa yanakauka, siku nyingi tu, kabla hatujaona tone sakafuni. Tanki lililotoboka kweli haliko hivyo. Lile linalowesha sponji ya katikati, kati ya bati la nje na tanki lenyewe, na maji yanachuruzika na kutu ya kahawia kwenye maungio ya bati, na hakuna nati utakayokaza yakapungua.

Nikamwambia kijana panda daladala nenda mjini leta mpira wa flanji na anodi, hivyo vyote havifikii bei ya hita hata kwa mbali. Kanishangaa. Tulivyomwaga maji tukachomoa koili, ule mpira umekuwa mgumu na umepasuka, koili ina magamba ya chokaa, na anodi ndo usiseme, imebaki kiwaya. Anodi ni ile fimbo ya magnesiamu inayokaa ndani ya tanki, kazi yake ni kuliwa na kutu badala ya tanki. Ikiisha, kutu inahamia kwenye chuma chenyewe pale penye ufa wowote wa enameli, ile rangi ngumu kama kioo iliyopakwa ndani ya tanki, na hapo sasa ndo tanki linatoboka kweli. Kila mwaka au miwili mtu aifungue aione, imekonda badilisha. Fundi wangu yule wa mtori miaka yote hakuwahi kunitajia hata jina lake, na kwa nini anitajie wakati anaishi kwa hita zangu kufa?

Tukasafisha, tukaweka mpira mpya, boliti tukakaza kwa kupishana, huku kidogo na upande wa pili kidogo, maana ukikaza upande mmoja mpaka mwisho mpira unakaa kombo na kesho unavuja tena. Tukajaza maji huku bomba la moto liko wazi mpaka yakatoka bila kukohoa hewa, ndo tukawasha. Usiwashe tanki halijajaa, koili inaungua. Jioni wageni wameoga wote na mmoja aliimba bafuni. Kijana nilimlipa vizuri, nikamwambia ukweli wake pia.

Sasa kuna dada wa Njiro kule Arusha aliniandikia juzi kati baada ya kuniona najisifu, yeye hita yake inadondosha kwenye kile kivalvu kidogo chenye mkono, kila jioni akiwasha, na fundi anataka kukiziba na plagi. Dada yangu, usimruhusu! Maji yakipashwa yanatanuka, lita 80 zikitoka nyuzi 20 mpaka 60 zinaongezeka kama lita moja na kidogo, na sefti valvu nyingi zina mlango ndani unaozuia maji kurudi kwenye bomba la baridi, kwa hiyo presha inapanda na valvu inaachia matone. Hiyo ndo kazi yake. Ukiiziba, siku termostati ikigoma kuzima maji yatachemka ndani ya tanki lisilo na pa kupumulia na litapasuka kama bomu, ukuta unaondoka. Weka kimpira kipeleke hayo matone kwenye shimo la bafu, imeisha.

Ila zima hita usiku mzima uangalie asubuhi. Kama imepoa na bado inadondosha, basi kuna kamchanga kamekaa mlangoni mwa valvu, nyanyua ule mkono maji yatoke kwa nguvu mara kadhaa yasukume uchafu, ikigoma badilisha valvu. Au presha ya bomba la mtaa ni kubwa, hasa usiku watu wamelala, hapo unafunga kipunguza presha kwenye bomba linaloingia. Kama maji yako yanatoka kwenye simtanki juu ya mnara usihangaike na presha, mita 10 za kwenda juu ndo zinakupa bar moja tu, bar ndo kipimo cha presha, mnara wa mita sita ni bar 0.6, hiyo haiwezi kufungua valvu iliyoandikwa bar 8.

Halafu watu wa Arusha mna hako katabia ka kusingizia floraidi kila kitu kikiharibika. Floraidi ya maji ya huko chini ya Meru inajulikana kwa kuweka meno kahawia na kuharibu mifupa, hita waacheni. Na mwezi wa saba baridi ikikolea, mvuke wa kuoga unageuka matone kwenye bomba la baridi linatoka jasho, watu wanaita fundi. Futa, funga tishu, subiri bila mtu kuoga. Ikibaki kavu hakuna kinachovuja.

Mtoto wa dada yangu yuko Uingereza na yeye kanitumia sauti ya WhatsApp, eti mama mdogo umekuwa fundi, boila yangu inapoteza presha. Kule boila inapasha nyumba nzima, maji yanazunguka kwenye radieta na kurudi yaleyale, geji ikiwa imepoa inatakiwa ikae bar 1 mpaka 1.5. Nikamwambia atoke nje aangalie kale kabomba kanakotokeza ukutani, kama kanadondosha ni sefti valvu yao, inafunguka kwenye bar 3, na mara nyingi chanzo ni lile tanki dogo la kupokea maji yanayotanuka, limeishiwa hewa. Kama ni kavu apite kwenye radieta moja moja na tishu zake. Na asizoee kuongeza maji kila wiki, maji mapya yanaingia na hewa mpya na hewa inaleta kutu kwenye radieta. Kuifungua boila ya gesi asithubutu, kule ni lazima fundi aliyesajiliwa Gas Safe. Fizikia ileile ya dada wa Njiro, baridi tu ndo tofauti.

Na wengine mnavuja kwenye mabomba mnalaumu hita. Kile kiungio cha PPR, yale mabomba ya plastiki ya kuunganishwa kwa moto, chenye nyuzi za shaba fundi akikikaza kwa hasira plastiki inapasuka nywele, huioni mpaka maji yapate moto. Fleksibo, zile hozi laini za kuunganishia, za bei chee upande wa moto mpira wake unaoza. PVC ya kawaida kwenye maji ya moto usiweke kabisa, inalegea.

Ikitokea tanki kweli limetoboka, umeona kutu kwa macho yako, nunua jipya bila kinyongo. Msikubali kuchomelea, moto wa kuchomelea unaua enameli ya ndani pembeni ya kiraka na kutu inaanzia hapohapo. Ila lile la zamani ni lako, uza mwenyewe kwa wa chuma chakavu. Mimi siku hizi likifa kweli namwambia fundi alitoboe na drili mbele yangu kabla halijatoka getini, wananiona mkorofi, sawa.

Wa sola wananiuliza sana pia. Zile za mirija ya vioo mara nyingi maji yanatoka kwenye ringi ya silikoni pale mrija unapoingia kwenye tanki, ringi inabadilishwa, tanki libaki. Shida ni pale mrija ulipobaki mtupu juani, kioo kimepata moto sana, maji ya baridi yakiingia unapasuka palepale. Jaza alfajiri au jua likishazama. Ukiona fundi anapanda batini saa saba mchana na mpira wa maji mkononi, mshushe.