Jibu: Mikutano ya mchujo Marekani iachwe?

Mkuu, umeuliza kama vyama vya Marekani viachane na mikutano ya mchujo (caucus, wanachama wanapokutana kuchagua mgombea urais wa chama) vibaki na kura ya sanduku tu. Mimi nasema viachane.

Chukua jimbo la Iowa. Mkutano ulikuwa unaanza saa 1 usiku, katikati ya baridi kali. Kwa chama cha Democrats, wewe mpiga kura ulisimama kwenye kona ya mgombea wako, jirani na hata bosi wako wanakuona. Kundi lenu lisipofika kiwango, mara nyingi asilimia 15 ya waliohudhuria, mlianza kuvutwa mashati na makundi mengine. Muuguzi wa zamu ya usiku angeingia saa ngapi hapo? Mwaka 2020 programu ya kutuma matokeo ikagoma, nchi nzima ikakaa inasubiri. Chama cha Republicans nacho 2012 kilimtangaza mgombea Mitt Romney mshindi kwa kura 8. Wiki mbili baadaye ikaonekana mpinzani wake Rick Santorum kaongoza kwa 34!

Ni kweli watu hujadiliana ana kwa ana, na hilo nalipenda. Ila majimbo ya Colorado na Minnesota yalishahamia kura ya sanduku kufikia 2020. Kinachokwamisha kwingine ni kwamba mikutano huendeshwa na chama, kura ya sanduku kwa kawaida huendeshwa na jimbo, kwa hiyo bunge la jimbo lazima likubali kutoa fedha.