Daftari la Babu na Sifuri Tatu

SWALI: Jambo baba Mwalimu. Nasoma historia hapa Lubumbashi, nakaa Katuba. Babu alifanya kazi Union Minière, kampuni ya shaba iliyotaifishwa 1967, akatuachia daftari la mshahara wake wa kila mwezi, toka 1958 mpaka 1972. Profesa anataka hesabu ndani ya kazi yangu. Mimi nilichagua historia ili nizikimbie hesabu! Nianzie wapi?

JIBU: Jambo mwanangu. Hata mimi nilizikimbia, nikazikuta mbele zimekaa zinaningoja. Katika kazi yangu ya kwanza nilichora mshahara wa mfanyakazi mmoja kwenye karatasi ya miraba. Mstari ulipanda polepole, halafu 1967 ukaporomoka. Nikaandika kurasa nne juu ya umaskini wa ghafula. Mama mmoja muuza unga, pale soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, aliitazama karatasi akauliza: "Na zaire uliiweka wapi?" Mwezi wa sita mwaka huo, faranga 1,000 ziligeuka zaire 1, pesa mpya ya nchi. Zilizoanguka ni sifuri tatu tu. Zile kurasa nne niliwashia makaa.

Basi kila tarakimu ya baada ya hapo izidishe kwa 1,000. Shukuru babu aliishia 1972: mwaka 1993 zaire 3,000,000 zilikuwa zaire mpya 1, na 1998 zaire mpya 100,000 zikawa faranga 1.

Kisha geuza pesa kuwa unga. Mshahara wa mwezi ule ulinunua mifuko mingapi? Bei utazipata kwa wazee, kwenye magazeti ya wakati ule na madaftari ya maduka. Kuziunganisha, mwombe mwanafunzi wa uchumi akuonyeshe, usione haya. Na usisahau posho. Union Minière iliwapa watu wake chakula, nyumba, hospitali, shule. Ukimlinganisha babu na fundi wa mjini aliyejinunulia kila kitu, mmoja wao utamdhulumu. Ni lini posho ya chakula ilikoma kwao? Daftari halitasema.

Mwisho, lipeleke dirishani ulitazame wino. Ukikuta miezi minane mfululizo kwa kalamu ileile, mwandiko uleule usiotetereka, huenda babu aliijaza siku moja, kwa kukumbuka. Tia alama hapo kabla hujajumlisha.

Bibi yuko hai? Kamuulize habari za posho juma hili, usingoje likizo.