Kwa mnaoanza kuhesabu vipepeo msitu wa Pugu, Kisarawe

Karibu kila mwaka kuna kijana anayenifuata na daftari jipya: "Kaka, nataka kujua kwa nini jumla ya vipepeo sehemu moja imetulia na sehemu nyingine inayumba." Swali zuri. Shida ni kwamba wengi huingia msituni wameshajijibu: spishi zikiwa nyingi, basi mambo yametulia. Nami nilianza hivyo hivyo.

Nendeni kwanza Feri, soko la samaki la Dar, mkamtazame muuza samaki. Usiku wa giza dagaa hufuata taa za wavuvi, meza inajaa. Mbalamwezi ikikolea taa hazivuti kitu, dagaa wanaadimika, naye anahamia kwenye changu wa mshipi. Mwezi ukiisha, kipato chake hakijayumba sana. Kinachomwokoa ni kwamba bidhaa zake haziadimiki siku moja. Lakini kusi ikichafua bahari, dagaa hakuna, changu hakuna, hata angekuwa na aina kumi za samaki mezani. Vipepeo ndivyo walivyo. Spishi ishirini ambazo viwavi wao wote hufa majani yakinyauka hazina kinga kubwa kuliko spishi moja. Kwa hiyo msiishie kuhesabu majina. Zitazameni mbili mbili: hii inapopungua, ile inafanya nini?

Jumla hutulia pia kama kila spishi yenyewe haipandi na kushuka ovyo, na hapo ndipo hali ya hewa ya mahali inapoingia. Spishi ile ile, mwaka ule ule wa joto, inaweza kustawi Finland, kwenye ukingo wa baridi wa makazi yake, na ikapata taabu Hispania, ambako joto na ukame tayari viko karibu na kikomo chake. Kwa hiyo matokeo ya Ulaya yasomeni, ila msiyabebe mzimamzima kuyaleta Kisarawe. Kule kaskazini kinachobana mara nyingi ni baridi. Huku kwetu ni mvua.

Na mvua hailipi papo hapo. Uingereza walianza hesabu zao za kitaifa mwaka 1976, ambao kwa bahati ulikuwa wa ukame mkali. Kiangazi kile vipepeo walionekana kwa wingi, jua lilikuwa lao. Mwaka uliofuata baadhi ya spishi ziliporomoka, maana majani ya viwavi yalikuwa yamekauka. Kwa hiyo hesabu yako ya Juni usiilinganishe na mvua ya Juni pekee; itazame pamoja na mvua ya masika yote, na hata ya vuli iliyotangulia. Tena wekeni kipima mvua chenu karibu na njia yenu. Mvua ya uwanja wa ndege si lazima iwe mvua ya vilima vya Pugu.

Njia ya kuhesabu tunayotumia ni ile ya Pollard, mtafiti wa Uingereza: unatembea njia ile ile, taratibu, unaandika walio ndani ya boksi la mita 5 mbele yako na mita 2.5 kila upande. Njia nzuri, ila ratiba yake ni ya kwao. Inasema wiki 26, Aprili hadi Septemba, na usitoke kama joto halijafika nyuzi 13. Hilo la nyuzi 13 hapa Dar ni kichekesho tu, lakini ile Aprili hadi Septemba ina hasara ya kweli: vuli yote inakupita. Hesabuni miezi 12. Halafu mkilinganisha, linganisheni Mei na Mei. Tofauti ya masika na kiangazi ni majira ya kawaida, msiiite kuyumba.

Sasa kosa langu, na hili ndilo hasa lililonifanya niandike. Mwaka wangu wa kwanza nilipata matokeo ya kupendeza mno. Kulikuwa na kipepeo wa kahawia mwenye madoa makubwa kama macho, aliyejaa wakati wa mvua, na mwingine wa kahawia asiye na madoa, aliyejaa kiangazi. Mmoja akishuka, mwingine anapanda, kama dagaa na changu wangu wa Feri. Nilishaandika kurasa nne za maelezo. Mzee mmoja aliyezoea kukusanya vipepeo akatazama vielelezo vyangu, akacheka: wote ni Bicyclus safitza, mmoja amevaa nguo za masika, mwingine za kiangazi. Kupishana kwote kule nilikuwa nimekutengeneza mwenyewe kwa kalamu.

Kosa la upande wa pili nalo lipo. Jike la Hypolimnas misippus linamwiga Danaus chrysippus, yule wa rangi ya chungwa mwenye ncha nyeusi za mbawa, hadi akipita mbio huwezi kuapa ni nani. Ukiwaweka kapu moja, umefuta tofauti iliyokuwepo kweli: viwavi wa Danaus wanakula mimea yenye utomvu mweupe, wa Hypolimnas wanakula magugu mengine kabisa. Usipokuwa na hakika, mnase kwa wavu, mtazame, mwachie. Au andika "sijui". Siku usiyomwona spishi fulani andika 0, usiache wazi. Baada ya miaka miwili hutakumbuka kama hakuwepo au hukutoka.

Na ninyi mnaosoma shahada ya mwaka mmoja, niwe mkweli kwenu: kutulia hupimwa kwa kuchukua wastani wa miaka na kuona kila mwaka umepishana nao kiasi gani. Mwaka mmoja hauna wa kupishana naye. Rithini njia ya aliyewatangulia, alama kwa alama, au badilisheni swali.

Mkitumia pia mitego ya ndizi, yaani inayotundikwa kwa kamba ikiwa na ndizi za kuvutia vipepeo, igawanyeni, mingine bondeni penye kivuli na mingine juu kwenye vichaka. Mwaka mkavu majani ya bondeni hukawia kukauka, na huko spishi inaweza kujihifadhi wakati juu imetoweka. Kamba ya mtego ipakeni grisi, la sivyo sisimizi watamaliza ndizi, na wakati mwingine na kipepeo mwenyewe, wakiacha mbawa nne chini.